Dawa za asili za kutuliza wasiwasi: jinsi ya kuzitumia bila kujiumiza

Niko kwenye duka la dawa hapa Tanga mwaka wa tisa sasa, na swali ninaloulizwa sana miaka hii ya karibuni sio la malaria wala la presha, ni hili la "dada, huna kitu cha asili cha kutuliza mawazo?" Watu wanakuja wamechoka. Usiku hawalali, moyo unadunda hata wakiwa wamekaa tu kwenye kiti, simu ikiita tumbo linavuruga, na vidonge vya hospitali hawavitaki maana wameshasikia kwamba ukivianza huachi. Nawaelewa kabisa, mwaka aliofariki mama yangu na mimi nilikaa miezi roho iko juu juu, nikanywa kila jani nililoelekezwa, mengine kwa pamoja kwenye sufuria moja, na nilikuwa mtu wa dawa tayari kipindi hicho, dozi naijua, ila ukiwa kwenye hali ile unashika chochote.

Kwahiyo hapa siandiki kumkataza mtu. Kuna mimea inasaidia kweli, imepimwa, na nitaitaja. Ninachoomba ni kimoja, uichukulie kama dawa. Jani likiweza kukutuliza maana yake linaingia kwenye damu, linapita kwenye ini, linafika kwenye ubongo, na huko njiani linakutana na kila kitu kingine ulichomeza siku hiyo. Lile neno "asili" kwenye kopo halibadilishi hiyo safari.

Kwanza hakikisha ni wasiwasi kweli

Moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho, usingizi kukata, hivi vitu vina sababu nyingi na nyingine hazihusiani na mawazo hata kidogo. Tezi ya thairoidi hapo shingoni ikifanya kazi kupita kiasi inaleta hali hiyo hiyo, upungufu wa damu unaleta, sukari ikishuka kwa mgonjwa wa kisukari inaleta. Mtu wa pumu akivuta salbutamoli mara kwa mara mikono itatetemeka tu, na zile dawa za mafua za kuzibua pua nazo zinaukimbiza moyo. Kwahiyo nenda kapime presha, wingi wa damu na sukari, na umuulize daktari kama kuna haja ya kipimo cha thairoidi. Nimeona mtu ananunua mitishamba miezi mitano kumbe tatizo ni tezi.

Alafu angalia unachokunywa. Kuna kijana wa bodaboda alikuja kwangu anataka ashwagandha, ule mzizi wa India wa kutuliza, kaiona Instagram, anasema akilala moyo unagonga kama ngoma. Nikamuuliza kwa siku anakunywa energy ngapi, akanyoosha vidole vinne, na kahawa chungu jioni kijiweni juu yake. Kopo la mililita 250 peke yake lina kafeini kama miligramu 80, sasa zidisha kwa nne kisha ongeza hiyo kahawa. Sikumuuzia kitu. Nilimwambia apunguze kopo moja kila baada ya siku tatu nne, asikate ghafla maana kichwa kitamuuma mpaka achukie, na baada ya saa nane mchana asiguse kabisa. Mirungi pia iko hapo hapo, huwezi ukawa unatafuna mirungi mchana alafu usiku unatafuta jani la kukushusha.

Na kuna watu ambao sio wa kuanzia dukani kwangu kabisa. Kama kifua kinabana na maumivu yanakwenda mkononi au kwenye taya, kama umeanza kufikiria kujitoa uhai, kama unasikia sauti ambazo wenzako hawasikii, nenda hospitali leo hii, usisubiri chai ya mtu. Hospitali za rufaa za mikoa zinahudumia afya ya akili, sio lazima usafiri mpaka Mirembe kule Dodoma au Muhimbili, na ndugu zetu wa Kenya sio lazima Mathari. Kwenda kitengo cha akili sio ukichaa, jamani, ni sawa na kwenda kung'oa jino.

Chukua daftari uandike kila unachomeza

Hii ndio sehemu muhimu kuliko zote na ndio watu wanairuka. Kabla hujanunua chochote andika kila dawa na kila kitu cha mitishamba unachotumia, na nikisema kila nina maana kila. ARV, dawa za TB, za presha, za sukari, za kifafa, sindano au kijiti cha uzazi wa mpango, panado unazomeza kila siku, habbat soda ya asubuhi, unga wa mlonge, ile chupa ya mzee wa pale sokoni. Watu wanaona aibu kumtajia daktari dawa za kienyeji na wanaona aibu kumtajia mganga ARV, kwahiyo kila mmoja anajua nusu, na hiyo nusu asiyoijua ndio inakuja kukuumiza.

Nitawapa mfano niliouona kwa macho yangu. Dada mmoja, mteja wangu wa siku nyingi, alikuja na kopo aliloletewa na ndugu yake kutoka Dubai. Kopo zuri, kijani, mbele kuna picha ya jani na neno kubwa la kusema litakutuliza. Akaniuliza tu kama ameze moja au mbili. Nikaligeuza. Nyuma maandishi madogo mpaka nikawasha tochi ya simu, nikaanza kusoma mstari kwa mstari: ashwagandha miligramu 300, magnesiamu, vitamini B6, na mstari wa mwisho kabisa St. John's Wort miligramu 300. Nikamuuliza taratibu, dada kuna dawa unatumia kila siku? Akakaa kimya. Alafu akanisogelea akasema kwa sauti ya chini, nameza zile za CTC, yaani ARV za kliniki ya VVU. Na hilo kopo alikuwa ameshalianza wiki mbili, anameza vyote saa tatu usiku kwa pamoja ili asisahau.

Sasa elewa kilichokuwa kinatokea. St. John's Wort, kwenye makopo mengine imeandikwa Hypericum, ni mmea wa Ulaya wenye maua ya njano na inatumika sana kwa sonona, ila inaliamsha ini lifanye kazi ya kusafisha dawa kwa kasi. Dawa nyingine uliyomeza inasombwa kabla haijamaliza kazi yake. Hii sio hadithi, mwaka 2000 walipima watu wazima wenye afya waliopewa indinavir, ARV ya wakati ule, pamoja na huu mmea, na kiwango cha dawa mwilini kikashuka kwa zaidi ya nusu. Dolutegravir iliyomo kwenye kidonge cha sasa hivi nayo inashushwa. ARV ikishuka virusi vinapata nafasi ya kuzaliana na kuzoea dawa, na wewe hujisikii chochote, unajiona umetulia kabisa. Magnesiamu nayo, ukimeza pamoja na dolutegravir vinashikana huko tumboni na dawa haingii vizuri. Yaani kopo moja lilikuwa linampiga pande mbili.

Aliacha kulimeza palepale, kesho yake akaenda kliniki na kopo mkononi akawaeleza, wakampangia kipimo cha wingi wa virusi. Ikumbukwe tu kwamba hata ukiacha huo mmea, ini linabaki na ile kasi kwa kama wiki mbili hivi, kwahiyo usiseme nimeacha jana mambo yameisha.

Ukiwa unatumia dolutegravir na umeandikiwa kitu chenye magnesiamu, meza ARV kwanza, subiri masaa mawili, ndio umeze hiyo nyingine. Ukianza na magnesiamu, subiri masaa sita. Hata vile vidonge vya kutafuna vya kiungulia vingi vina magnesiamu au aluminiamu, ni hivyo hivyo.

Huo mmea unaharibu na vingine. Vidonge vya uzazi wa mpango na kijiti, unaweza ukashika mimba huku kijiti kiko mkononi. Warfarini ya kuzuia damu kuganda. Dawa za waliopandikizwa figo. Na ukichanganya na dawa za sonona kama fluoxetine, sertraline, amitriptyline, au hata tramadol ya maumivu, unaweza kupata hali ya mwili kutetemeka, jasho jingi, kuharisha, homa na moyo kwenda mbio, na hiyo inaua. Mimi msimamo wangu ni kwamba St. John's Wort kwa nchi zetu isiwe kitu cha kujinunulia, maana wengi tunatumia ARV au uzazi wa mpango, na kwenye wasiwasi wenyewe haijaonyesha cha maana. Ukiiona kwenye lebo rudisha kopo.

Ipi inafaa, ipi tuiache

Ya kuanzia kwa mtu wa kawaida ni babunaji, ile kamomili, vimaua vidogo vyeupe vyenye kitovu cha njano, watu wa Pwani wengi mnaijua kutoka kwa bibi zetu. Chuo Kikuu cha Pennsylvania kule Marekani waliwahi kuwapa watu 57 wenye wasiwasi kapsuli za babunaji au kapsuli tupu kwa wiki 8, matokeo yakachapishwa 2009, na waliopewa babunaji walipata nafuu zaidi, sio nafuu ya ajabu ila nafuu. Chai yake ni nyepesi kuliko kapsuli. Kijiko kimoja cha chai cha maua makavu kwenye kikombe, maji ya moto, funika na kisahani dakika kumi ili ule mvuke usikimbie, alafu chuja. Sukari kidogo au asali. Na wakati unaisubiri iive weka simu chumba kingine, mimi naamini nusu ya tiba iko kwenye hizo dakika kumi. Asiitumie mtu wa warfarini, na kama una mzio wa maua ya jamii ya alizeti anza na funda moja uone kama midomo inawasha.

Ashwagandha ndio inayouliziwa na kila mtu sasaivi kwahiyo nitakaa nayo kidogo. Ni mzizi unaotumika India toka enzi za kale, na mmea wenyewe unaota hata huku kwetu Afrika Mashariki porini. Tafiti kadhaa zimeonyesha inapunguza stresi na wasiwasi, kawaida miligramu 300 za mzizi uliokamuliwa mara moja au mbili kwa siku, na matokeo unaanza kuyaona baada ya wiki kadhaa, sio usiku ule ule. Lakini ina mambo yake. Kuna watu ini limewavimba kwa sababu yake, wachache lakini wapo, na Denmark mwaka 2023 waliipiga marufuku kabisa. Inapandisha homoni za thairoidi, kwahiyo mwenye tezi au anayemeza levothyroxine akae mbali nayo. Inaweza kushusha sukari na presha, ukichanganya na dawa zako za sukari na presha unaweza kujikuta chini. Mjamzito hapana, anayenyonyesha hapana, mwenye ugonjwa wa ini hapana, mwenye magonjwa yale ya kinga kushambulia mwili wenyewe hapana, mwenye saratani ya tezi dume hapana. Na usizidishe miezi mitatu, maana usalama wake kwa muda mrefu zaidi ya hapo haujapimwa vya kutosha.

Kingine, miligramu 300 za kwenye kapsuli ni mzizi uliokamuliwa ukabaki nguvu yake, sio sawa na unga wa kawaida. Mtu anachukua hesabu ya kapsuli anaipeleka kwenye kijiko cha unga, au kinyume chake, hapo dozi imeshapotea. Na tafadhali msiende kuichimba wenyewe porini kwa kuangalia picha ya kwenye simu. Ashwagandha iko ukoo mmoja na ndulele, na huo ukoo ndio una mnanaha pia, na mnanaha kila mtu anajua ni sumu, unamvuruga binadamu akili.

Valeriani ni mzizi wa Ulaya, unanuka vibaya sana, ukifungua kopo utadhani soksi za wiki nzima. Unasaidia zaidi usingizi kuliko wasiwasi wa mchana, na hata huko kwenye usingizi matokeo yanapishana. Unamezwa nusu saa mpaka masaa mawili kabla ya kulala. Asubuhi unaweza kuamka mzito, kwahiyo dereva, fundi wa juu ya paa, mama anayelala na kichanga kitanda kimoja, muwe waangalifu sana.

Pasheni hapa watu wanachanganya kweli kweli. Ya dawa ni Passiflora incarnata, majani na maua yake, haya matunda tunayokamua juisi ni Passiflora edulis, ni ndugu tu. Kuchemsha majani ya pasheni ya shambani kwako ukidhani ni ile ile sio sawa. Ile ya dawa inaleta usingizi na wajawazito wasiiguse.

Lavenda kuna kapsuli maalumu za miligramu 80 za mafuta yake, zimepimwa vizuri Ujerumani na zinasaidia wasiwasi, kero yake kubwa ni kucheua harufu ya maua siku nzima. Lakini hiyo ni kapsuli iliyotengenezwa kwa kumezwa. Kale kachupa ka mafuta ya kunusa na ya kuchanganya kwenye maji ya kuoga HAKANYWEWI, hata tone, na kakae juu kabisa ambako mtoto hafiki.

Kava, iache. Ni ya visiwa vya Pasifiki kule Fiji na Vanuatu, wao wanaikoroga kwa maji wana desturi yao, ila kapsuli zake zilisababisha ini kufeli kwa watu kadhaa mpaka Ujerumani wakaifungia mwaka 2002, mahakama ikaja kuifungulia 2014, wakaifungia tena 2019. Kweli inatuliza, hilo silikatai, ila kwetu ambako homa ya ini iko nyingi na wengi hatujawahi kupima, mimi siwezi kumpa mtu.

Mchaichai je? Naupenda sana, na nitaendelea kuunywa, ila walishaupima Brazil mwaka 1986 kwa watu na hawakukuta unatuliza wasiwasi wala kuleta usingizi. Hawakukuta madhara pia. Kwahiyo kunywa kwa raha yako, ile joto na harufu ni jambo zuri, ila usiuhesabu kama dozi. Na angalia zile chai za mchanganyiko za dukani kama zimewekwa susu, ule mzizi mtamu, maana ukiunywa kila siku unapandisha presha na kushusha potasiamu, na mwenye presha hataelewa kwanini dawa zake hazifanyi kazi.

Kununua

Nunua mahali ambapo ukipata shida kesho utamkuta mtu aliyekuuzia. Kopo liwe na orodha ya kilichomo na miligramu zake, namba ya toleo, tarehe ya kuisha, na anuani ya aliyetengeneza. Tanzania kuna TMDA kwa dawa na kuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala lililoanzishwa kwa sheria ya 2002, waganga na dawa zao wanasajiliwa huko, kwahiyo una haki ya kumuuliza muuzaji namba ya usajili na mtu mkweli hatakasirika. Kenya ni Bodi ya Famasia na Sumu.

Mambo yatakayokufanya ugeuke uondoke: dawa inayotibu wasiwasi, nguvu za kiume, vidonda vya tumbo na kisukari vyote kwa pamoja. Unga kwenye mfuko usio na maandishi, hasa kama umeshika unyevu au una harufu ya ukungu, maana sumukuvu haiko kwenye mahindi na karanga peke yake. Muuzaji anayekwambia uache dawa za hospitali, huyo ogopa kabisa. Na ile inayofanya kazi haraka kupita kiasi. Mmea unaotuliza kwa kawaida unachukua muda, sasa ukimeza kitu cha "asili" na ndani ya dakika ishirini umelegea kama umechomwa sindano, uwezekano mkubwa kuna mtu kasaga vidonge vya usingizi humo ndani. Mwaka 1998 mamlaka ya dawa ya Marekani iliwaonya watu kuhusu bidhaa ya usingizi iliyouzwa kama mitishamba na kukutwa ina estazolam, dawa ya ukoo wa valium, ambayo haikuandikwa popote kwenye kopo. Ukinywa hiyo kila siku utakuwa tegemezi bila kujua na siku kopo likiisha utajiona kama umelogwa.

Kuanza kutumia

Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Najua inavuta kuchanganya, nilishachanganya, ila ukianza vitatu kwa pamoja na ngozi ikatoka vipele hutajua ni kipi, na ukipata nafuu pia hutajua ni kipi, utabaki unanunua vyote vitatu maisha yako yote.

Anza na dozi ya chini kabisa iliyoandikwa, anza jioni, na iwe siku ambayo kesho yake huendeshi chombo. Baada ya chakula. Usinywe pombe, na usichanganye na dawa yoyote ya kuleta usingizi kama diazepamu, fenobabito, au hata zile za mzio zinazosinziisha, maana zinabebana na unaweza kulala usingizi ambao kupumua kwenyewe kunakuwa shida.

Alafu turudi kwenye lile daftari. Kila jioni andika tarehe, ulichomeza, na wasiwasi wa siku hiyo kwa namba toka sifuri mpaka kumi, na neno moja la chochote kigeni mwilini. La kwangu bado ninalo, kuna ukurasa umeandikwa "7, kichefuchefu", "7, nimelala masaa manne", "6", "6, nimecheka na wifi", na nikifungua nauona mwili wangu ulivyokuwa unarudi taratibu. Bila kuandika utadanganyika, maana siku mbaya moja inakufanya uone wiki nzima ilikuwa mbaya. Andika na tarehe ya kuacha toka siku ya kwanza. Wiki sita mpaka nane zinatosha kujua, namba zikiwa ziko pale pale, acha, usiongeze dozi, nenda kamuone mtaalamu. Kuna tiba ya mazungumzo yenye mpangilio maalumu na inasaidia wasiwasi vizuri sana, na dawa za hospitali za wasiwasi nyingi hazimfanyi mtu tegemezi kama watu wanavyodhani, ni zile za ukoo wa valium ndio zina hilo tatizo.

Watoto hapana. Mjamzito hata chai aulize kliniki kwanza. Na ukiwa na oparesheni imepangwa, acha mitishamba yote wiki mbili kabla na umwambie daktari wa usingizi ulikuwa unatumia nini.

Ukiona hivi acha hapohapo

Macho au viganja kuwa vya njano, mkojo mweusi kama koka, mwili kuwasha bila vipele, kichefuchefu kisichoisha, maumivu chini ya mbavu za kulia. Hilo ni ini, usilipe siku mbili za kuangalia. Uso au ulimi kuvimba na kubanwa pumzi, ni mzio, kimbia. Kusinzia mpaka mtu akikuita huamki vizuri, watu wa nyumbani wakupeleke. Mawazo kuwa mabaya zaidi kuliko ulivyoanza, hilo nalo ni la kwenda nalo hospitali.

Valeriani ukiwa umeitumia kwa muda mrefu usikate siku moja, punguza kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, maana wapo waliokata ghafla wasiwasi ukarudi kwa nguvu na moyo ukawa unakwenda mbio.

Na ukienda hospitali nenda na kopo lenyewe, sio jina la kukumbuka. Kama ni unga beba na unga, kama ni mizizi beba mizizi, hata kama imefungwa kwenye gazeti, na daftari lako juu yake. Mwombe daktari au mfamasia ajaze fomu ya madhara ya dawa ipelekwe TMDA, mitishamba nayo inajaziwa, watu wengi hawajui hilo. Yule dada wa kopo la kijani alipofika kliniki nesi alisoma lebo nzima kwa dakika mbili akajua la kufanya. Angekwenda na maneno tu, "natumia vidonge fulani vya majani", wangeanzia wapi?